Mkanda ni Wako, Haki ya Kuuonyesha Je?

Watu hutuletea mikebe ya bati iliyoshika kutu, ndani mna mikanda ya filamu za zamani. Mwingine kairithi kwa babu aliyekuwa fundi projekta, mwingine kaikuta stoo ya jumba la sinema lililogeuzwa godauni. Swali lao ni moja: tukipata projekta, tunaweza kuuza tiketi? Kabla ya kujibu nafungua mfuniko na kunusa. Kukiwa na harufu kali ya siki, asetati, yaani plastiki ya mkanda wenyewe, imeanza kuoza, na mkanda huo usipitishwe kwenye projekta hata karatasi zote zikikamilika.

Tuseme mkebeni mna Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951, picha ya Kihindi iliyopendwa mno Afrika Mashariki. Kwanza, mkanda wenyewe ni wa nani? Majumba ya sinema yalikuwa yakikodi nakala kwa wasambazaji na kutakiwa kuzirudisha. Iliyobaki stoo huenda haikuwa ya jumba hata siku moja.

Haki ya kuonyesha hadharani ni jambo jingine, nayo ina umri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayotumika Tanzania Bara, hulinda filamu kwa miaka 50. India ni 60. Kwa hesabu hiyo Awaara imeshatoka kwenye ulinzi kote kuwili, na hapo ndipo wengi hushangilia mapema. Nyimbo zina hesabu yake. Hasrat Jaipuri, mmoja wa walioandika mashairi ya nyimbo za picha ile, alifariki 1999, na kwa sheria yetu mashairi hulindwa hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hiyo pitieni COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuchapa mabango. Na msiseme "hatutozi kiingilio": onyesho la bure nalo ni la hadharani.

Kwa picha ambayo bado inalindwa, mtafute mwenye haki wa leo. Jina la kampuni linalotokea mwanzoni mwa mkanda lisikudanganye. Kampuni hufa, haki huuzwa. Idhini iwe ya maandishi, itaje ukumbi, tarehe, idadi ya maonyesho na aina ya nakala. Hilo la mwisho husahaulika sana, kumbe aliyeruhusiwa kuonyesha DVD hajaruhusiwa mkanda wa milimita 35.

Kisha kuna Bodi ya Filamu, ambayo kwa sheria ya 1976 huikagua picha na kutoa kibali. Ndiyo, hata ile ambayo bibi yako aliiona mara sita.