Je, wajua kwa nini dawa mpya ya baridi yabisi huanza kwa mtu mmoja peke yake?

Dawa mpya ya baridi yabisi inayogusa mfumo wa kinga inapoingia mwilini mwa binadamu kwa mara ya kwanza, aghalabu hupewa mtu mmoja tu, naye huangaliwa kwa muda wa kutosha kabla wa pili hajaguswa na sindano. Tahadhari hiyo ilipata nguvu baada ya msiba uliotokea London.

Tarehe 13 Machi 2006, katika kituo cha utafiti ndani ya hospitali ya Northwick Park, wanaume wanane wenye afya njema walijitolea kujaribiwa kingamwili (protini ya kinga iliyotengenezwa kuwa dawa) iliyoitwa TGN1412. Wawili walipewa kimiminika kisicho na dawa, sita wakapewa dawa yenyewe. Katika baridi yabisi kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwenyewe, na dawa hii ilikusudiwa kuziamsha seli za T (askari wa kinga ya mwili) zinazotuliza seli nyingine za kinga. Badala yake iliziamsha seli za mashambulizi. Kabla ya saa moja na nusu kutimia, wote sita walikuwa na maumivu ya kichwa, homa na kichefuchefu. Baadaye figo na mapafu yao yakaanza kushindwa, wakalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Wote walipona, ingawa mmoja wao alipoteza sehemu za vidole.

Dozi yao ilikuwa 1/500 tu ya ile ambayo kima waliivumilia bila dhara. Lakini, kama ilivyogunduliwa miaka michache baadaye, baadhi ya seli za T za kima hazina kipokezi cha CD28 (protini ya juu ya seli inayopokea ishara), ambacho ndicho kingamwili hiyo hukishika, ilhali zile za binadamu zinacho. Linaloumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba watu hao walidungwa kwa kupishana dakika kumi hivi. Lau wangengoja saa mbili baada ya wa kwanza, watano wangenusurika.

Jopo la wataalamu lililoundwa na serikali ya Uingereza chini ya Profesa Gordon Duff lilishauri mwaka huohuo kwamba dawa za aina hii zianze kwa mtu mmoja, na kwamba dozi ya kwanza ikadiriwe kwa kiwango kidogo kabisa kinachotarajiwa kuleta athari yoyote mwilini, si kwa kile tu alichokistahimili mnyama. Baadaye kingamwili ileile ilijaribiwa upya nchini Urusi, ikianza na dozi ndogo mara 1,000 kuliko ile ya London, na msiba ule haukujirudia. Ndipo ikaendelea hadi kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenyewe.