Wananchi Waonyeshwe Maswali Yenyewe

Ukimuuliza mzazi wa Makorora au Pongwe, hapa Tanga, kama mtihani wa Uraia upime uzalendo, atajibu ndiyo. Upime haki za binadamu? Ndiyo. Maadili, mazingira, mapambano dhidi ya rushwa? Ndiyo zote. Utarudi ofisini na rundo la hojaji zilizojaa alama za vema, utaandika kwamba wadau wameunga mkono, na hutakuwa umejifunza lolote. Nani atakataa maadili? Watu huanza kutofautiana wakishawekewa swali mkononi, lina majibu manne, kisha wakaambiwa kwamba jibu sahihi ni C.

Kazi yangu ni upimaji wa elimu: kutunga maswali, kuyafanyia majaribio, kusoma majibu ya watoto na kutafuta walichokielewa na kilichowapotosha. Hapa Tanga nimekaa na wazazi, walimu, wavuvi na wanafunzi wenyewe kuzungumza juu ya kile ambacho kijana anayemaliza shule anapaswa kukijua kuhusu nchi yake. Naandika kwa sababu naona kazi ya kukusanya maoni juu ya mtihani wa aina hii inafanywa kijuujuu, na inaniuma, maana hili ni somo la wananchi kuliko somo lolote jingine.

Katika Hisabati, hatuhitaji kumwita mtu mkutanoni atuambie nusu ya robo ni ngapi. Uraia hauko hivyo. Anayeandika mtihani wa Uraia anaamua raia mwema ni mtu wa namna gani, na uamuzi huo umebadilika mara nyingi katika nchi hii. Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga miaka ya 1890, walitaka makarani, wakalimani na maakida. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule ilitakiwa imwandae mtoto kuishi na kufanya kazi katika jamii ya kijamaa. Wakati wa Elimu ya Siasa, mwanafunzi aliyeandika kwamba Chama ndicho kilichoshika hatamu za nchi alipata alama zake zote. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Siasa ikaondoka, ikaja Uraia, na jibu lilelile likawa kosa. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kila zamu kuna mtu aliyeamua. Ninachodai ni kwamba mwenye mtoto awemo katika kuamua, na awemo kwa namna yenye maana.

Nieleze kwa mfano wa swali ambalo huwa nakwenda nalo kwenye vikao. Si swali la mtihani ulio hai. Hayo ni siri na lazima yabaki siri. Ni swali la kielelezo:

Mtendaji wa kijiji ametangaza kwamba kila kaya itoe shilingi 10,000 za kujenga choo cha shule. Suala hilo halijafikishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwananchi anapaswa kufanya nini? A: atoe fedha mara moja. B: akatae, na awashawishi majirani wakatae. C: aombe suala lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. D: asubiri aone wengine wanafanyaje.

Walimu wote wanachagua C bila kufikiri mara mbili. Ndilo jibu la kitabuni. Lakini katika kijiji kimoja cha njia ya Pangani, mama mmoja muuza samaki alichagua A. Akaniambia, "Mwalimu, binti zangu wanajisaidia wapi huku mkutano unasubiriwa? Mimi natoa, kisha nakwenda mkutanoni kuuliza." Mzee aliyekaa pembeni yake akachagua B. Yeye alishawahi kutoa mchango wa darasa na darasa hakuliona. "Mwanangu," akasema, "mkutano tuliufanya. Mihutasari ipo. Darasa liko wapi?" Kijana mmoja wa bodaboda akasema D, na alipoombwa sababu akajibu kwamba ndivyo watu wanavyofanya kweli, mtoto asidanganywe.

Sikilizeni sababu zile. Yule mama anajua mkutano mkuu ni nini na anakusudia kwenda. Mzee anaujua kuliko sisi sote, ameuona ukishindwa. Hao ni raia wenye ujuzi, na swali langu linawapa sifuri wote wawili. Mtoto wa yule mama, aliyelelewa na akili ile, angepata sifuri pia, huku mwenzake aliyekariri kwamba "mkutano mkuu" ndilo neno linalopendwa na watahini akipata alama.

Kasoro ya swali lile ilijificha katika neno "anapaswa". Tulidhani tunapima kama mtoto anajua utaratibu wa kisheria, kumbe tunapima msimamo wake: ni mtii, ni mbishi, au ni mtu wa subira. Hayo ni mambo mawili, na ukiyachanganya katika swali moja huwezi kuyatenganisha tena wakati wa kusahihisha. Majaribio ya maswali yangeweza kunionyesha kwamba wanafunzi hodari wanagawanyika kati ya A na C. Yangenipa tarakimu. Yasingeniambia habari ya binti wasio na choo.

Ndipo swali linapokatwa vipande viwili. Cha kwanza ni cha ujuzi mtupu: kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inayohusu mamlaka za wilaya, ni chombo kipi cha kijiji ambamo kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe? Hapo jibu ni moja, na mtoto ama analijua ama halijui. Cha pili ni cha kueleza: taja njia mbili halali ambazo mwananchi asiyekubaliana na mchango huo anaweza kuzifuata, na ueleze udhaifu wa mojawapo. Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa hoja. Mtoto wa mama na mjukuu wa mzee wote wana nafasi. Kusahihisha kunachukua muda mrefu zaidi na kunagharimu fedha zaidi, nalijua hilo vizuri, ila swali la bei rahisi lisilopima kitu ni ghali kuliko yote.

Wamarekani wana tathmini ya kitaifa iitwayo NAEP, iliyoanza mwaka 1969, na uraia ulikuwa miongoni mwa masomo ya kwanza kabisa kupimwa. Sheria inayoiongoza inakataza kupima imani na mitazamo binafsi ya mwanafunzi au ya familia yake. Sheria hiyohiyo inawapa wazazi na umma haki ya kuyaona maswali, chini ya ulinzi wa usiri. Hayo mawili yanakwenda pamoja: huwezi kumhakikishia mzazi kwamba huchokonoi imani ya nyumbani kwake huku umemficha swali. Bodi inayosimamia tathmini hiyo iliundwa mwaka 1988, ina wajumbe 26, na ndani yake wamo walimu, wanasiasa wa pande zote mbili na wawakilishi wa umma wakiwemo wazazi.

Kuna jambo jingine katika tathmini hiyo ambalo ningependa wasomaji wa hapa walielewe, kwa sababu linabadilisha mazungumzo yote. Hakuna mtoto anayepewa matokeo yake. Wanachukua sampuli ya shule na wanafunzi, kila mwanafunzi anajibu sehemu tu ya maswali, na kinachotangazwa ni hali ya nchi. Mwaka 2022 wastani wa darasa la nane katika uraia ulikuwa 150 kwenye mizani ya 0 hadi 300, na asilimia 22 tu ndio waliofikia kiwango cha umahiri au zaidi. Taifa zima liliaibika kidogo, lakini hakuna mtoto aliyekosa shule kwa sababu hiyo.

Mtihani wetu unachagua nani aendelee na masomo. Matokeo yana jina la mtoto, au namba yake, na mzazi anajua kitakachofuata. Kwa hiyo ukimwita mzazi atoe maoni juu ya mtihani wa Uraia bila kumweleza unazungumzia mtihani wa namna gani, atakujibu kama mtu anayemtetea mwanawe: maswali yapungue, yawe mepesi, yatoke kwenye kitabu. Hana kosa. Nami huwa natenganisha mazungumzo mawili tangu mwanzo. Kwanza, tuseme hakuna alama wala cheti. Ungependa kujua nini kuhusu vijana wa mkoa huu na ujuzi wao wa nchi? Kisha ndiyo tuje kwenye mtihani wa kuchagua watakaoendelea. Majibu ya sehemu ya kwanza huwa na kina cha kushangaza. Watu wanauliza kama kijana anaweza kusoma mapato na matumizi yaliyobandikwa ofisi ya mtaa. Kama anajua akamatwapo na polisi ana haki gani. Sijasikia hata mmoja akiuliza kama anajua rangi ya nne ya bendera inaashiria nini, ingawa maswali ya namna hiyo ndiyo tunayoyapenda sisi watungaji, kwa kuwa hayana mgogoro.

Lugha nayo ni kizuizi cha wazi. Kwa miaka mingi karatasi ya Uraia ya kidato cha nne imekuwa ya Kiingereza. Ukiipeleka kwa mkulima wa Muheza umwombe maoni, umemfungia mlango kwa heshima. Muhtasari wa Historia ya Tanzania na Maadili kwa sekondari umeandikwa kwa Kiswahili, na hilo nalishangilia kwa moyo wote: kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mzazi na mtoto wa sekondari wanaweza kukaa barazani na swali moja la uraia wakabishana.

Vikao viwekwe lini? Hili huchukuliwa kama jambo dogo la mhudumu wa ofisi, nami naliona kubwa. Ukiitisha wavuvi wa dagaa gizani mwa mwezi, wako baharini usiku na asubuhi wamelala. Waite mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa zao hazivuti samaki, wapo nyumbani. Wauza soko waite baada ya saa tisa. Ijumaa mchana usimwite mtu yeyote. Wanafunzi waongee bila mwalimu wao kuwepo chumbani.

Sasa, maoni yakishakuja, yasomweje? Hapa tuna mfano wetu wenyewe, na ni mkubwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 ikiuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Takribani asilimia 80 walisema chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi. Wengine mpaka leo wanaona wananchi walipuuzwa. Mimi naona watu wale walisomwa kwa makini: wengi waliotaka chama kimoja walitaka pia kibadilishwe, na malalamiko yao yalizungumza zaidi ya kura zao. Ukihesabu tu, sababu zinapotea. Mzee mmoja aliyechagua B kwa sababu ya darasa lisilojengwa ana uzito kuliko wanakikao wote walioinua mkono kwa sababu mwenyekiti kainua.

Kwa hiyo karani wa kikao aandike maneno kama yalivyosemwa, kwa lahaja yake, bila kuyasafisha. "Wananchi walishauri uwajibikaji uimarishwe" ni sentensi ya karani. "Darasa liko wapi?" ni maoni.

Na mrejesho urudi palepale yalipotoka. Karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya kata inatosha, ikiwa na swali la kwanza kama lilivyokuwa, lililosemwa juu yake, swali jipya, na chini yake maoni yaliyokataliwa pamoja na sababu ya kukataliwa. Mkikataa hoja ya mtu, aione imekataliwa, na ajue nani wa kumuuliza. Yule mama muuza samaki aliniuliza kabla sijaondoka kama atajua swali limebadilishwa. Ana haki ya kujua, na ubao wa ofisi ya kata yake uko hatua chache kutoka meza yake ya samaki.