Ukakamavu wa waya na springi: yanayosemwa maabara na yalivyo

"Mpira ni mnyumbufu kuliko feleji, kwani unavutika sana."
Kuvutika sana ni ulegevu tu. Moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu wa kitu chenyewe bila kujali umbo lake, kwa feleji ni takriban gigapaskali 200, ya shaba nyekundu kama 120. Mpira wa kawaida haufiki hata 0.1. Tena mpira ukipunguziwa mzigo hufuata njia nyingine kwenye grafu ya mzigo na mrefuko (urefu ulioongezeka), na nishati inayopotea hugeuka joto.

"Thamani ya springi (nguvu inayohitajika kwa kila kipimo cha kurefuka) ndiyo sifa ya metali yake."
Kata springi katikati: kila nusu inakuwa ngumu mara mbili, na metali ni ile ile.

"Mstari wa grafu ya waya usipopita kwenye sifuri, jaribio limeharibika."
Hapa ndipo wanafunzi huanza kupika data. Waya uliotoka kwenye roli una mikunjo, na uzito wa kwanza huinyoosha hiyo kabla ya kuivuta metali yenyewe. Basi tundika kilo 1 ibaki muda wote, anza kuhesabu hapo, kisha ongeza nusu kilo nusu kilo, ukisoma wakati wa kupanda na wa kushuka. Unachotafuta ni mteremko wa mstari. Kwa mzigo ule ule, waya ukionekana mrefu zaidi wakati wa kushuka, ama umepita kikomo cha unyumbufu ama umeteleza kwenye kibanio. Tia alama ya kalamu kwenye mdomo wa kibanio. Alama ikisogea, umeteleza.

"Kosa kubwa liko kwenye kusoma mrefuko."
Mrefuko ni mdogo kweli: waya wa feleji wa mita 2, kipenyo mm 0.5, kilo 1 huurefusha nusu milimita, kwa hiyo rula haifai, tumia vania, kipimo chenye skeli ndogo inayoteleza kando ya kubwa. Lakini kipenyo ndicho hatari, maana hukokotolewa kwa kipeo cha pili. Ukikosea mm 0.01 kati ya 0.5, hiyo ni asilimia 2, na moduli inapotoka kwa asilimia 4. Angalia kwanza sifuri ya mikromita, kipimo cha skrubu cha kupimia kipenyo. Pima sehemu tano au sita, kila moja pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, ukikaza kwa kile kitasa kidogo cha mwisho mpaka kialike. Anayekaza kwa nguvu za vidole huubana waya na kupata kipenyo pungufu.

"Waya wa pili unaoning'inizwa pembeni ya ule unaopimwa ni wa akiba."
Chumba kikipanda nyuzi 5 za Selsiasi, waya ule wa mita 2 hurefuka kama mm 0.12, karibu robo ya mrefuko wa kilo 1. Boriti nayo hupinda mzigo ukiongezeka. Waya mbili za metali moja zikining'inia kwenye boriti moja husogea pamoja, na vania husoma tofauti yao tu.