Je, utetezi wa mashoga ni kazi ya wasioamini?

Wengi hudhani wanaotetea usawa wa mashoga na wasagaji ni watu wasio na dini, wanaolishambulia kanisa kutoka nje. Historia inakataa. Oktoba 1968 Troy Perry, mhubiri wa Kipentekoste aliyefukuzwa kanisani kwa kuwa shoga, aliongoza ibada iliyowakaribisha mashoga sebuleni kwake, karibu na Los Angeles. Walikuja watu 12 tu. Ghasia za Stonewall, mashoga walipopambana na polisi kwenye baa ya New York, ambazo wengi (hata wanaharakati!) huziita chanzo cha harakati zote, zilizuka miezi minane baadaye. Makanisa mengi bado yanapinga, ni kweli. Ila Desmond Tutu, askofu mkuu mstaafu wa Cape Town, alisema mwaka 2013 kuwa hangemwabudu Mungu anayewachukia mashoga.