Maswali na majibu: afya na usalama wa watu wa saiti

Haya ni maswali ambayo mafundi, saidia fundi na hata wenye nyumba wanaosimamia ujenzi wenyewe wanauliza kila mara. Nimejibu kwa lugha ya saiti. Watu wengi wakisikia usalama wa ujenzi wanawaza helmeti na kuanguka, na kweli kuanguka ndo kunaongoza kuua mafundi kwenye nchi nyingi, ila kuna vitu vinaua au kuharibu mwili taratibu palepale saiti na hamna anayevihesabu, vumbi na simenti hasa, kwahiyo humu nimevipa nafasi kubwa.

Vumbi la kukata tofali na tailizi si unakohoa tu linaisha?

Hapana kaka, haliishi. Lile unaloliona, linaloganda kwenye nyusi, lina nafuu kwa sababu pua na makohozi yanalitoa. Baya ni lile usiloliona. Mawe, mchanga, zege, tofali, tailizi vyote vina madini yanaitwa silika, ukikata kavu kavu kwa grainda au ukidrili ile silika inasagika kuwa chembe ndogo mno zinapita pua, zinapita koo, zinaenda kukaa chini kabisa kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na nyingine hazitoki tena maisha. Mwili unajaribu kuzizungushia makovu, makovu yanaongezeka, pafu linakakamaa, mwisho unakuta mtu aliyekuwa anabeba mfuko wa simenti begani anahema kwa kupanda ngazi kumi tu. Huo ndo ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya kuacha kazi. Alafu mwenye silika mapafuni anashikwa na kifua kikuu kirahisi kuliko mtu mwingine, na tangu 1997 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka silika ya aina hii kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Marekani kwa sheria yao ya 2016 kikomo cha silika hiyo ni mikrogramu 50 kwenye mita moja ya ujazo wa hewa kwa zamu ya masaa 8, kiasi kidogo ambacho kwa macho hukigundui. Sasa ukiona wingu jeupe limemfunika fundi wa tailizi kwenye chumba ambacho madirisha yamefungwa, jua kikomo kilishapitwa zamani.

Nikifunga kitambaa puani inatosha?

Haitoshi. Kitambaa kinazuia chembe kubwa tu, hizi ndogo zinapenya kama vile hakipo, na barakoa nyepesi ya hospitali nayo inavuja pembeni.

Kitu cha kwanza ni kufanya vumbi lisitoke. Tailizi nyingi unaweza kuzikata kwa ile mashine ya mkono ya kuchana na kuvunja, vumbi lake ni dogo sana. Kwa mawe na zege tumia mashine iliyotengenezwa kukata kwa maji, na nasisitiza iliyotengenezwa, usichukue grainda ya kawaida ya umeme ukaanza kuimwagia maji, utakimbia silikosisi ufe kwa shoti. Kama hiyo mashine hamna basi toa kazi nje, upepo uwe mgongoni kwako, wengine wakae mbali, alafu vaa barakoa ya N95 (aina inayochuja chembe ndogo) au zaidi ya hapo iliyobana vizuri usoni (ndevu zinaachia nafasi, hilo wengi hawalijui). Kabla ya kufagia nyunyiza maji. Na acheni kujipuliza nguo kwa upepo wa kompresa jioni, vumbi lote la siku unalirudisha hewani na kulivuta mara ya pili.

Nguo za kazi zisiende nazo nyumbani zikachanganywa na za watoto. Hii ni muhimu mara mbili kama mnavunja jengo la zamani lenye mabati au dari za asbesto. Ile usiikate wala usiivunje, simamisha kazi aitwe mtu mwenye utaalamu nayo, kwa sababu saratani yake inaweza kujitokeza miaka 20, 30, hata 40 baadae, na wake wa mafundi waliokuwa wanafua tu zile nguo wamewahi kuugua.

Maziwa si yanasafisha kifua?

Hili swali halikosekani. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, ni njia mbili tofauti. Kunywa kama unayapenda, ni chakula kizuri, ila bosi akikupa pakiti ya maziwa badala ya barakoa ujue hajakukinga na chochote.

Simenti inanichubua miguu, ni aleji au ni nini?

Inaweza kuwa vitu viwili. Cha kwanza ni kuungua, kabisa kama kuungua na kemikali. Simenti ikishakutana na maji inakuwa kali sana, pH yake inafika 12 mpaka 13 wakati ngozi yako iko kama 5. Tatizo ni kwamba mwanzoni haiumi. Unakuta siku ya kumwaga zege saidia fundi kasimama kwenye slabu tangu asubuhi, zege imeingia kwenye gambuti kwa juu, soksi imelowa, yeye anasikia ubaridi tu na zege haisubiri kwahiyo anaendelea, jioni anavua gambuti na ngozi ya kifundo inatoka na soksi. Mafundi wa sakafu wanaopiga magoti kwenye zege mbichi yanawakuta magotini. Vidonda vya namna hii vinaingia ndani sana na wengine wameishia kupandikizwa ngozi.

Cha pili ndo hiyo aleji, inaletwa na kromiamu iliyomo kwenye simenti. Mtu anafanya kazi miaka bila shida alafu ghafla mikono inaanza kuwasha, kupasuka, kutoa majimaji, na ikishakuanza mara nyingi haikuachi, kila ukigusa simenti inarudi, wapo mafundi wazuri kabisa walioiacha fani kwa ajili hiyo. Ulaya tangu 2005 simenti yenye hiyo kromiamu kali zaidi ya sehemu 2 kwa milioni hairuhusiwi kuuzwa, na visa vilipungua.

Kwahiyo gambuti ndefu zisizopitisha maji, suruali itoke nje ya gambuti isiingizwe ndani, glavu za mpira na sio za kitambaa, pedi za magoti. Zege ikiingia ndani vua hapohapo, usisubiri break, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usioshee yale maji ya pipa la kuoshea vifaa, yana simenti humohumo. Usipake mafuta. Ikiingia jichoni ni maji dakika 20 bila kusimama jicho likiwa limefunguliwa, alafu hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua.

Tumenunua mikanda ya usalama, kwa upande wa kuanguka si tumemaliza?

Bado kabisa. Mkanda ni kinga ya mwisho, kabla yake kuna mambo ya bei ndogo ambayo yanaokoa watu wengi zaidi maana hayategemei mtu kukumbuka. Matundu ya slabu yafunikwe kwa mbao nzito iliyopigiliwa isisogee, na iandikwe SHIMO, kwa sababu mtu akiikuta tu imelala ataibeba akaifanyie kazi nyingine na kutumbukia palepale. Kingo ziwekewe reli. Jukwaa lijazwe mbao upana wote, sio mbao moja mtu anatembea kama yuko kwenye kamba. Ngazi: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, ipite juu ya pale unaposhukia kwa mita moja hivi, na ifungwe.

Ukija kwenye mkanda sasa, uliza umefungwa kwenye nini. Nimeona mkanda mpya wa bei kali umening'inizwa kwenye mti wa kushikilia fomu (mbao zinazoshika zege mpaka ikauke) ambao wenyewe umeshikwa na misumari miwili. Na mtu akianguka akaning'inia, mkishangilia kwamba amepona mkamuacha pale mkitafuta ngazi, damu inajaa miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache na hata kufa. Kabla hajapanda muwe mnajua atashushwaje.

Mtaro wa mita mbili nao unahitaji kushikiliwa na mbao? Udongo wetu mgumu.

Unahitaji. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, ni kama gari ndogo imekudondokea. Na sio lazima ufunikwe kichwa, ukifukiwa mpaka kifuani kila ukitoa pumzi udongo unashuka na kubana, pumzi ya kuingiza inakosa nafasi. Ugumu wa asubuhi sio ugumu wa baada ya mvua au baada ya lori kupita pembeni. Kuanzia mita moja na nusu shikilia kuta au zilaze mteremko, na hata chini ya hapo kama udongo unamomonyoka. Udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, ngazi iwepo karibu. Mkiona nyufa juu ya ukingo, wote mtoke. Na mwenzako akifukiwa usirukie ndani na sululu, wapo waliokufa kwenye mitaro ambao ni wa pili, waliokuja kuokoa.

Joto je?

Maji kikombe kila dakika 15 mpaka 20, usisubiri kiu. Mgeni wa kazi asipewe kazi nzima siku ya kwanza, mwili unahitaji wiki moja au mbili kuzoea jua na wanaokufa kwa joto wengi ni wa siku za mwanzo. Mtu akianza kuongea hovyo au kuchanganyikiwa juani msimpeleke tu kivulini kulala, mmwagieni maji mwili mzima hapohapo, pepea, huku mwingine anaita gari la wagonjwa.

Nimekanyaga msumari, damu imekata.

Damu kukata hakuzuii pepopunda. Osha, nenda ukachome sindano, uliza ya mwisho ulichoma lini. Na mbao za fomu zikibomolewa misumari ing'olewe au ikunjwe kabla hazijawekwa chini.

Mtu kaanguka, tumbebe haraka hospitali?

Kama yuko sehemu salama na anapumua msimnyanyue kwa mikono na miguu wala kumtupia kwenye toroli, mgongo au shingo ikiwa imevunjika mnaweza kumpoozesha nyinyi wenyewe. Mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine apige simu, damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe. Asipopumua hapo ni kukandamiza kifua, shingo inasubiri.

Nikikataa kupanda sehemu ya hatari nitafukuzwa, nifanyeje?

Hofu hii ni ya kweli na sitaipuuza. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1988, wa usalama kwenye ujenzi, unasema mfanyakazi mwenye sababu ya msingi kuona hatari kubwa iliyo karibu ana haki ya kujitoa, na vifaa vya kujikinga vinatolewa na mwajiri bila kumkata mtu hela. Ila kwa kibarua wa siku karatasi peke yake haimlindi, kwahiyo nendeni watatu wanne pamoja, na msiseme "hatupandi", semeni "funga ile kingo na hii mbao, nusu saa tu, tunapanda". Msimamizi anakataa kirahisi mtu anayelalamika, ni vigumu zaidi kukataa kitu chenye mbao na misumari iliyopo palepale.

Nina miaka 15 kwenye mawe na tailizi, nakohoa, naanzia wapi?

Nenda kituo cha afya na kitu cha kwanza kumwambia daktari ni kazi yako, maana asipojua atakupa dawa ya kikohozi na kukurudisha. Taja miaka mingapi umekata mawe, kavu au kwa maji, na kama unavuta sigara. Omba picha ya kifua, kipimo cha kupuliza cha nguvu ya mapafu na kipimo cha kifua kikuu. Kama una picha ya zamani ibebe ili alinganishe, na hiyo mpya usiiache kwao, itunze.