Umeme ukikatika wote tunahangaika na giza, mimi naogopa unavyorudi

Mimi ni mtu wa usalama wa umeme majumbani, ndiyo kazi inayonipa mkate, na kila mgao ukianza naulizwa swali lilelile, eti mtaalamu ninunue taa gani ya chaji. Nunua yoyote inayokaa na chaji. Ila giza lenyewe halijawahi kuunguza nyumba ya mtu.

Chukua asubuhi ya kawaida kabisa, mama ananyoosha sare za watoto juu ya godoro (meza ya kunyooshea wangapi tunayo?), umeme unakatika, anasonya, anaiacha pasi palepale, mtoto anavaa shati lenye mkono mmoja umenyooka mwingine una mikunjo, mlango unafungwa kila mtu na njia yake. Saa nane mchana umeme unarudi na ndani hakuna mtu. Nimewahi kuingia chumba cha namna hiyo, sponji yote imeyeyuka imekuwa kama lami chini ya kitanda, pasi imezama katikati, na plagi bado iko ukutani, swichi iko on. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa, lakini vyeti vya shule, nguo, kila kitu kiliishia pale.

Kwa hiyo umeme ukikatika tu, kabla hujatafuta hata tochi, pita zima swichi za ukutani, pasi, hita, jiko, kiyoyozi, tivii, acha taa moja tu ikiwa on ili ikutaarifu umeme umerudi. Na ukiizima pasi ichomoe kabisa uisimamishe sakafuni, maana bado ina moto.

Friji nalo lina mambo yake. Umeme wetu wa nyumbani unatakiwa uwe volti 230, sasa unaporudi mtaa mzima kila kitu kinavuta kwa mpigo mmoja, volti inapanda na kushuka, na mota ya friji inataka kuanza wakati gesi ndani ya mabomba bado ina presha, inang'ang'ana, inapata moto, wiki hiyohiyo unamtafuta fundi. Ndiyo maana gadi ya friji, kile kifaa cha kuikinga na umeme mbovu, inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, haijaharibika jamani, usiirudishe dukani. Gadi ya tivii usiipe friji, nyingi haziwezi kubeba ule mvuto wa kuanzia. Huna gadi? Chomoa, umeme ukirudi hesabu dakika tano ndipo uchomeke. Chakula kwenye friji lisilofunguliwafunguliwa kinavumilia kama masaa manne, friza iliyojaa na mlango umefungwa inafika hata siku mbili, sasa ukifungua kila nusu saa kuangalia kama samaki wameyeyuka, utawayeyusha wewe.

Wenye insulini nyumbani hili mlijue kabla ya mgao, sio siku ya mgao: muulize mfamasia wako dawa yako inakaa siku ngapi nje ya friji, nyingi zikishafunguliwa zinakaa kama wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30. Dar ya Februari inazidi hapo, kwa hiyo iweke kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa cha maji, kivulini.

Halafu jenereta, hapa naomba nisikilizwe vizuri. Haliwekwi koridoni, haliwekwi baraza ya nyuma kwa kuogopa wezi, moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, unasinzia ndio huamki tena. Liwe mbali na madirisha, mita sita au zaidi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni habari hiyohiyo. Na kuna mafundi wa mtaani wanawatengenezea watu waya wenye plagi kila upande, mmoja kwenye jenereta mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka, mwenye nyumba anafurahi. Kumbe umeme ule unatoka kupitia mita mpaka transfoma ya mtaa, na transfoma inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa zako 230, ukiilisha kwa nyuma inapandisha. Juu ya nguzo yuko kijana anatengeneza laini akijua imezimwa. Weka chenjiova, ile swichi inayochagua umeme wa nguzo au wa jenereta, kamwe sio vyote kwa pamoja, na aifunge fundi mwenye leseni, basi.

Maji watu huwa wanasahau. Unguja mwaka 2008 kebo ya baharini inayoleta umeme kutoka bara ilipata hitilafu wakakaa karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ikajirudia mpaka Machi 2010, pampu hazifanyi kazi, mabomba makavu, watu wanabeba madumu. Sisi wa bara tusicheke, 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu ikazimika. Jaza ndoo na simtanki mapema hasa kama unakaa ghorofani, na uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, usingoje zifike sifuri, maana mtandao wa kununulia nao una siku zake. By the way, kabla hujaanza kulalamikia TANESCO chungulia kwa jirani, halafu angalia breka yako kama haijadondoka na mita kama ina uniti.

Mshumaa ukilazimika, usimamishe ndani ya sahani ya bati yenye mchanga, sio juu ya ndoo ya plastiki, mbali na pazia na chandarua. Namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani, simu inaweza kuwa imezima.

Jumamosi moja jioni zima meinswichi kwa makusudi uone nyumba yako itafanyaje. Kwangu tulijaribu, tochi ilipatikana haraka sana, betri zake zilikuwa kwenye rimoti ya king'amuzi.