Honi haihitaji wati nyingi

Kuanzia Mwanjelwa hadi Iringa mjini utasikia mafundi wakisema spika ya honi, yaani yenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta, bila amplifaya nzito haisikiki. Ni kinyume chake. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 87 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita 1 mbele yake. Honi nzuri kwa wati hiyo hiyo hufika 100. Kuziba pengo hilo, spika ya kawaida inataka wati 20.

Honi haizalishi nguvu. Koo lake jembamba linalopanuka taratibu huifanya hewa ishikike, kama unavyokunja viganja mdomoni kumwita mtu ng'ambo ya bonde.

Kazi ipo kwenye besi. Wimbi la hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa mita 3.4, na mzingo wa mdomo wa honi unapaswa kukaribia urefu huo, hivyo mdomo unataka kipenyo cha mita 1 hivi. Sebule zetu ni ndogo, basi iweke konani: kuta mbili na sakafu huiendeleza. Paul Klipsch wa Marekani alijenga hivyo miaka ya 1940. Ila kuta ziwe za tofali, na mbao za honi ziwe imara. Paini yangu ya Mufindi nilipoigonga kwa kidole ililia kama ngoma. Nikaipigilia vipande vya ubao kwa ndani, ikanyamaza.